Toa hiyo sifuri kwenye fstab yako

Wasee, leo sianzi na mzaha. Kuna ushauri umezunguka kwenye video za teki hapa kwetu mwaka mzima: "Laptopu yako ya Linux inachelewa kuwaka? Fungua /etc/fstab, nenda mwisho wa kila mstari, weka sifuri. Kwisha." Watu wanapiga makofi kwa komenti, wengine wanaandika "msee umeniokoa". Huo ushauri ni upumbavu. Naweza kusema hivyo bila kuogopa kumkosea mtu heshima, kwa sababu mmoja wa walioueneza ni mimi. Video yangu ilikuwa ya sekunde arobaini na iliangaliwa kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuposti.

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa Kitengela, ana studio ndogo ya picha, akanitumia ujumbe. Hakunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliandika: "Kaka, nilifuata ile video yako ya kuharakisha mashine. Sasa diski ya picha za harusi ina folda tupu, na picha zingine zikifunguka nusu ni bibi harusi na nusu ni watu nisiowajua. Nifanye nini?"

Nusu bibi harusi, nusu watu wengine. Nitaeleza hiyo inatokeaje. Kwanza tuelewane kuhusu hiyo namba tunayochezea.

fstab ni faili ndogo ya maandishi. Kila mstari unahusu kipande kimoja cha diski, na una safu sita: kipande chenyewe, mahali kitakapounganishwa, aina ya mfumo wa faili, masharti, halafu namba mbili mwishoni. Namba ya tano ni ya programu ya zamani ya bakapu inayoitwa dump. Karibu kila mtu ana sifuri hapo na hakuna neno. Ya sita ndiyo tunayogombania. Inaambia mfumo kama kipande hiki kikaguliwe wakati wa kuwaka, na kama ndiyo, kisimame wapi kwenye foleni. 1 ni ya kipande kikuu, kile kinachoandikwa kwa mkwaju mmoja tu, /. 2 ni ya vingine vyote. 0 maana yake usikikague, kiunganishe hivyo hivyo kilivyo. Na kuna mtego ambao wengi hawaujui: ukiacha safu ya sita wazi, inasomwa kama 0. Kwa hivyo ukinunua diski ya pili, ukanakili mstari fulani kutoka intaneti unaoishia "defaults 0 0" au unaoishia "defaults" tu, hiyo diski haitakaguliwa hata siku moja. Na diski ya pili ndiyo ambayo watu kama sisi tunaweka vitu. Mfumo wa Ubuntu nikiupoteza naurudisha kwa USB ndani ya nusu saa. Harusi ya watu huwezi kuirudia upige picha tena.

Kwa nini kuwe na foleni? Hapa ndipo nilipokuwa mjinga kabisa, nikidhani 1 na 2 ni mapambo. Programu ya ukaguzi, fsck, yenyewe inakaa ndani ya diski. Ukianza kukagua /home kwa kutumia fsck iliyo kwenye kipande kikuu kilichoharibika, unapima unga kwa mizani mbovu. Ndiyo maana kipande kikuu kinafunguliwa kwanza kwa kusoma tu, hakuna anayeruhusiwa kuandika, kinakaguliwa, na kikipita ndipo kinafunguliwa kwa kuandika. Siku hizi mifumo mingi inafanya hii kazi mapema zaidi, ndani ya initramfs, kale kamfumo kadogo kanakopakiwa kwenye RAM kabla kipande kikuu hakijaunganishwa. Bado wa kwanza ni mkuu.

Baadaye wanafuata wenye 2. Vipande viwili vilivyo kwenye diski moja ya kuzunguka vinakaguliwa kimoja baada ya kingine, maana kichwa cha kusoma kikitumwa huku na kule kati ya vipande viwili kazi inachukua muda mrefu kuliko kupanga foleni. Diski mbili tofauti zinakaguliwa kwa pamoja. Kipande kikipita ukaguzi ndipo kinaunganishwa, na vyote vikishaunganishwa ndipo programu zako zinaanza kuamka. systemd inalinda huo mpangilio hata kama wewe hujui upo.

Na lazima ukaguzi uje kabla ya kuunganisha. Ukiendesha fsck kwenye kipande ambacho programu zinaendelea kuandika, inasoma ramani inayobadilika ikiwa mkononi mwake, halafu "inarekebisha" vitu vilivyokuwa sawa. Watu wameua diski nzima kwa njia hiyo. Kwa hivyo zile sekunde za kuwaka ndizo nafasi ya pekee ambayo mashine inakuja nayo yenyewe, bila wewe kukumbuka chochote. Zikipita, diski ina shughuli mpaka uzime. Unapoweka 0 unajiambia kwamba utakagua siku nyingine kwa mkono. Buda, hutakagua. Mimi sikukagua.

"Lakini inachelewesha." Sawa. Fungua tamino, andika systemd-analyze blame, tafuta mistari inayoanza na systemd-fsck. Mashine yangu ni ex-UK iliyochoka, diski ya kuzunguka, na huo mstari haufiki sekunde moja. Kwa ext4, ukizima vizuri, kipande kinaandikwa alama kwamba kiko safi. Kesho yake fsck inasoma hiyo alama, inasema "safi", inaondoka. Stima ikikatika katikati ya kazi, kuna daftari ambalo ext4 huandika mabadiliko kabla ya kuyafanya. Linasomwa tena, yaliyobaki nusu yanakamilishwa au yanatupwa, na hiyo ni kazi ya sekunde chache. Ukaguzi mrefu wa kupitia kila faili unakuja mara nyingi kwa sababu moja: keneli iligundua kosa la kweli kwenye diski na ikaandika kwamba kuna shida hapa. Yaani siku ambayo fsck inakuchelewesha ndiyo siku ambayo ulihitaji ikucheleweshe.

Huu uoga tumeurithi kwa wazee wa ext2. Wakati ule hakukuwa na daftari, na mashine ikizimika vibaya diski nzima inapitiwa upya huku umekaa ukiangalia asilimia zikipanda kama lifti ya jengo la serikali. ext3 ilileta daftari kwenye Linux 2.4.15, Novemba 2001. Hata ile tabia ya kukagua kila baada ya kuwasha mara kadhaa, vipande vipya vya ext4 haviji nayo tena kwa miaka mingi sasa. Wengi wetu tunaotoa huu ushauri tulizaliwa karibu na 2001, na bado tunatibu ugonjwa wa kabla hatujaanza nasari.

Kama mashine yako kweli inakwama kila asubuhi, mara nyingi mwenye makosa ni mwingine. Angalia saa. Hizi mashine za mtumba zinakuja na ile betri ndogo ya duara, CR2032, ikiwa imekufa, kwa hivyo kila ukitoa chaja saa inarudi miaka ya nyuma. fsck inaona diski ilifunguliwa mara ya mwisho "siku zijazo", inalalamika, na wakati mwingine inasimama ikikungoja. Badilisha betri. Au labda umeandika kwenye fstab diski ya nje ambayo mara nyingi hujaichomeka. systemd itaingoja sekunde 90, ikiikosa inakutupa kwenye hali ya dharura, skrini nyeusi, wewe unapiga kelele "fsck imeniharibia mashine". Dawa ni kuongeza neno nofail kwenye safu ya masharti. Sifuri haisaidii hapo hata kidogo. Video yangu ilisema inasaidia. Nilikuwa nimebadilisha vitu vitatu kwa wakati mmoja, mashine ikawaka, nikachagua kimoja cha kusifu.

Dai lingine ni la wale wanaojua kidogo, na hawa ndio hatari: "ext4 ina daftari, kwa hivyo fsck haina kazi." Daftari linalinda mpangilio wa maandishi stima ikikatika. Halilindi diski yenye sehemu mbovu, kebo iliyolegea, RAM inayobadilisha herufi, wala casing ya USB inayodanganya kwamba imeshaandika kumbe bado. Daftari lenyewe litanakili uharibifu kwa uaminifu mkubwa.

Sasa turudi Kitengela. Ndani ya mfumo wa faili kuna ramani inayosema bloku gani ina mtu na gani iko wazi. Kitu fulani kiliharibu kipande cha hiyo ramani, sijui ni nini bado. Keneli iliona kitu hakiko sawa, ikaweka alama ya kosa. Mashine ilipowashwa kesho yake, fsck ingeona ile alama, ingepitia diski nzima, ingejenga ramani upya kutoka kwa faili zenyewe, au ingesimama na kusema hili siwezi kuamua peke yangu, njoo. Lakini safu ya sita ilikuwa 0. Kwa hivyo keneli iliunganisha diski na kuandika onyo kwenye logi kwamba inaunganisha mfumo wenye makosa na inapendekeza e2fsck iendeshwe. Nani anasoma logi? Hakuna. Harusi mpya ikaja, picha zikanakiliwa, ramani ikasema hapa pako wazi, na picha mpya zikakaa juu ya za zamani. Ndiyo maana bibi harusi mmoja ana miguu ya wageni wa mwingine. Hilo halikutokea siku moja. Liliendelea kila Jumamosi alipotoka kazini, na kila Jumamosi mashine iliwaka haraka, fiti kabisa, vile nilivyomuahidi.

Kuna kitu kingine kiliniudhi nilipomwomba anitumie fstab yake. Mstari wa kipande kikuu, ulioandikwa na kisakinishi cha Ubuntu, una maneno errors=remount-ro, maana yake ukiona kosa acha kuandika mara moja. Mstari wa diski ya picha, alionakili kwa mtu kama mimi, una "defaults" tu, na ext4 kwa kawaida ikiachwa hivyo ikiona kosa inaendelea na kazi. Diski yenye mfumo unaopatikana bure inalindwa mara mbili. Diski yenye chakula chake haikulindwa hata mara moja.

Mtaniambia "mimi nina SSD". fsck haikagui bati linalozunguka, inakagua hesabu za mfumo wa faili, na SSD ikikatiwa stima ikiwa inaandika inaweza kuharibu hizo hesabu vizuri sana. Na kwa SSD hata huo ukaguzi mrefu ni mfupi, kwa hivyo kisingizio ndicho kimepungua zaidi.

Halafu tukumbuke tunaishi wapi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. (Tumbili alipona. Ni diski ngapi hazikupona, hakuna aliyehesabu.) Usiku wa 25 Agosti 2023 giza likaingia karibu nchi nzima tena. Hizo ni zile kubwa zinazofika kwa habari. Mtaani kwako stima inapotea Jumanne bila tumbili yeyote, na laptopu yako ya mtumba ina betri inayoshikilia dakika nne. Mtu anayetoa ushauri wa kuzima ukaguzi akiwa kwenye jengo lenye jenereta na UPS, huyo anaongea na majirani zake. Sisi tunaonakili maneno yake na kuyatafsiri kwa Sheng, tunaongea na watu ambao mashine zao zinazimika vibaya kila wiki. Kama kuna watu duniani wanaohitaji ile namba isiwe sifuri, ni hawa.

Na msinicheke nyinyi wa Windows. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye saiba anajua ile skrini ya kusema diski inahitaji kukaguliwa, bonyeza kitufe chochote kuruka, na sekunde zinahesabika. Mkono wa mhudumu unaruka kabla hajamaliza kusoma. Kesho inarudi, anabonyeza tena. Mwezi mzima. Ile skrini haiji kwa bahati mbaya, inakuja kwa sababu kipande kimewekwa alama kwamba ni kichafu, na itaendelea kuja mpaka ukubali. Nimekuwa huyo mhudumu, likizo moja nzima baada ya fomu foo.

Haki yao niwape wanaosema kuna mahali sifuri ni sahihi. Ipo. Swap, tmpfs, na folda za mtandao za NFS ziwe 0, hakuna cha kukagua hapo. XFS na Btrfs pia. fsck.xfs imeandikwa isifanye chochote wakati wa kuwaka, inarudi ikisema sawa, kwa sababu XFS inasoma daftari lake inapounganishwa na ukarabati wake ni wa mkono, kwa xfs_repair. Waliounda hizo mifumo walifikiria na kuchagua. Wewe na mimi hatukuchagua, tulinakili.

Kuna mmoja ameshaniandikia kwamba mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili hafai kufundisha watu mambo ya diski. Kuacha niliacha. Lakini andika man fstab kwenye tamino yako uone kama itakuuliza cheti. Maelezo ya safu ya sita ni mistari michache. Ningeyasoma kabla ya kuwasha kamera, yule dada angekuwa anauza albamu leo.

Kwa hivyo, kabla ya kuendelea na mambo mengine, fungua /etc/fstab, fungua tu uangalie. Mstari wa / uwe na 1 mwishoni. Kila kipande kingine cha ext4, hasa kile chenye kazi yako, kiwe na 2, na ukikuta mstari una safu nne au tano, malizia. Diski za kuchomeka na kuchomoa ziongeze nofail. Kama diski imekaa miezi na sifuri, usikimbilie fsck. Angalia kwanza afya ya diski yenyewe kwa smartctl, kwa sababu diski inayokufa ikilazimishwa kuandika marekebisho inaweza kufa mikononi mwako. Kama iko mbaya, nakili kila kitu kwa ddrescue kwenye diski nyingine na ukague ile nakala. Kama iko sawa, itenganishe kabisa, kisha endesha e2fsck -f, na uanze na -n ambayo inaonyesha makosa bila kugusa kitu. Ukiona orodha inashuka kama mvua ya Aprili, simama, tafuta bakapu. Wale wanaokwambia ubonyeze y kwa kila swali, au utumie -y uende kunywa chai, wanakwambia ukubali maamuzi ambayo programu yenyewe imeona si ya kuamua peke yake. Kinachobaki kinatupwa lost+found bila majina, mafaili elfu ya namba tupu, na kazi ya kujua nani ni nani ni yako.

Kwa wenzangu wenye chaneli: najua kichwa cha habari cha "washa mashine kwa sekunde tano" kinalipa kuliko "angalia safu ya sita". Nimekula hiyo doo pia. Lakini mnajua vizuri kwamba hamjawahi kurudi kwa mtu hata mmoja aliyefuata video zenu kumuuliza mashine yake inaendeleaje baada ya miezi sita. Mimi sikurudi. Alinitafuta yeye.

Ile video nimeifuta leo asubuhi na nimebandika maelezo haya mahali pake. Diski ya Kitengela nilienda kuichukua Ijumaa, nikapanda matatu nayo nikiwa nimeifunga kwa fulana ndani ya begi. smartctl inasema ina sehemu mbovu chache, kwa hivyo sijaikagua bado. ddrescue inaendelea kunakili hapa pembeni, iko asilimia 61, na nimeazima UPS ya jirani.